Kinachoachwa na Anayekipokea: Maana na Matumizi ya Kitenzi "Give Up"

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wafasiri mliofika, na ninyi wanafunzi mliokubali kukaa kitako kusikiliza habari za kitenzi kimoja tu, nawasalimu nyote kwa heshima.

Niliombwa nizungumzie vile vitenzi vya Kiingereza vinavyoundwa kwa maneno mawili, yaani kitenzi cha kawaida kinachofuatwa na kijineno kama "up", "off", "out" au "in". Vitenzi hivyo ni maelfu, na zipo kamusi nzima zilizotungwa kwa ajili yake. Nimeona ni heri nichukue kimoja nikichambue hadi mfupani kuliko kuwapitisha katika orodha ambayo mtakuwa mmeisahau kabla ya magharibi. Nimechagua "give up". Vipo vigumu kuliko hicho, lakini hiki kina hatari yake: kila mtu anadhani anakijua.

Mwulize mwanafunzi yeyote aliyesoma Kiingereza kwa miaka michache maana ya "give up", naye atakujibu bila kusita kwamba ni kukata tamaa. Jibu hilo si la uongo. Lakini mpe sentensi hii aitafsiri: "Rosa Parks refused to give up her seat." Vitabu vya historia vya Kiingereza hutumia karibu maneno hayo hayo kila vinapoeleza tukio la tarehe 1 Desemba 1955 mjini Montgomery, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, pale dereva wa basi alipowaamuru abiria wanne weusi wa safu moja wasimame ili kumpa nafasi abiria mzungu, watatu wakasimama, na Bi. Rosa Parks akabaki ameketi mpaka polisi walipokuja kumkamata. Nimepata kusoma tafsiri iliyosema kwamba mama huyo "alikataa kukata tamaa kuhusu kiti chake". Msomaji wa Kiswahili akikutana na maneno hayo atadhani Bi. Parks alikuwa akitafuta kiti asikipate, ilhali kiti alikuwa nacho, tena amekikalia. Alichokataa ni kukiachia, au tuseme kwa Kiswahili kilichonyooka, alikataa kupisha. Hapakuwa na tamaa ya kukatwa wala ya kuungwa.

Basi hoja yangu ni moja. Anayekutana na "give up" asianze kwa kuuliza maana yake ni nini. Aulize kwanza ni kitu gani kinachoachwa, kisha aulize kama yupo anayekipokea. Akishapata majibu ya maswali hayo mawili, neno la Kiswahili litakuja lenyewe, na mara nyingi halitakuwa "kukata tamaa".

Historia ya kitenzi chenyewe inaunga mkono njia hiyo. Watawa wa Peterborough, mashariki mwa Uingereza, waliendelea kuandika kumbukumbu za miaka kwa Kiingereza hata baada ya Wanormandi, watawala waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi mwaka 1066, na kumbukumbu zao zinakomea mwaka 1154. Humo wanasimulia jinsi Mfalme Stephen alivyoitisha baraza mjini Oxford, akawakamata maaskofu wa Salisbury na Lincoln pamoja na chansela, akawatia wote gerezani mpaka "iafen up here castles". Tahajia hiyo inatisha kidogo, lakini ukiiandika kwa Kiingereza cha leo ni "gave up their castles", na ni mojawapo ya mara za kale kabisa tunazokiona kitenzi hiki katika maandishi. Tazameni kinachoachwa: ni ngome. Tazameni anayepokea: ni mfalme. Kama maaskofu walivunjika moyo au la, mwandishi hana habari nalo. Maana ya kusalimisha, ya kitu kutoka katika mikono hii na kuingia katika mikono mingine, ndiyo iliyotangulia. Ile ya kuvunjika moyo ilifuata baadaye, pale kilichoachwa kilipokuwa si ngome tena, bali ni juhudi au tumaini.

Na hiki kijineno "up" kinafanya kazi gani? Katika Kiingereza "up" mara nyingi huacha kabisa maana ya juu, ikabeba maana ya ukamilifu. "Use up" ni kutumia mpaka kitu kiishe, "dry up" ni kukauka kabisa, "burn up" ni kuteketea. Ukiiambatanisha na "give", utoaji nao unakuwa wa moja kwa moja, usiobakiza. Lakini kuna jambo jingine ambalo naliona kuwa muhimu zaidi. Mtu akisema "I gave him my seat", jicho la msikilizaji linamfuata aliyepewa. Akisema "I gave up my seat", jicho linabaki kwa aliyetoa, aliyekuwa na kitu na sasa hana. Mpokeaji anaweza kutajwa baadaye kwa "to", kama katika "I gave up my seat to an old man", na anaweza asitajwe kabisa. Kitenzi hiki ni kitenzi cha mwenye kupungukiwa.

Kwamba jambo hili ni gumu kwa mgeni si habari mpya. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake maarufu ya mwaka 1755, aliandika kwamba namna hii ya kugeuza maana ya kitenzi kwa kukifuatishia kijineno ndiyo inayowapa wageni taabu kubwa kuliko zote, akatoa mifano mingi, mmojawapo ukiwa "give over", ambayo aliifasiri kuwa ni kukoma. Leo "give over" husikika zaidi kaskazini mwa Uingereza, mtu anapomwambia mwenzake aache upuuzi. Jina la kundi zima la vitenzi hivi, "phrasal verb", ni jipya mno ukililinganisha na vitenzi vyenyewe: lilichapishwa mwaka 1925 na Logan Pearsall Smith, ambaye alisema alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Waingereza walikuwa wameacha ngome kwa kitenzi hiki zaidi ya miaka 700 kabla ya kupata jina la kukiita.

Isitushangaze kwamba maneno mawili yakikutana huzaa maana ambayo hakuna hata moja kati yake lililokuwa nayo. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki na tunapiga moyo konde, wala hakuna anayemtafuta majeruhi. Tunakata rufaa, tunakata shauri, tunakata tiketi na tunakata tamaa bila kisu. Mgeni anayejifunza Kiswahili akishikilia kwamba "kata" ni kutenganisha kwa chombo chenye makali atapotea kwenye sentensi ya pili, nasi tukishikilia kwamba "give" ni kutoa na "up" ni juu tutapotea vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba sisi huambatanisha kitenzi na nomino, ambayo angalau ina sura ya kushikika, na wao huambatanisha kitenzi na kijineno ambacho chenyewe hakina uzito wowote. Ndiyo maana mtu hawezi kukisia. Lazima atazame kilichowekwa baada yake.

Tuanze na tabia, kwa kuwa ndipo kitenzi hiki kinapotumika sana katika maisha ya kila siku. "He gave up smoking" ni "aliacha kuvuta sigara". Hapa mpokeaji hayupo. Kinachoachwa kinaachwa tu. Lakini kuna sharti lililojificha: kinachoachwa lazima kiwe kimezoeleka au kina thamani fulani kwa anayeacha, na kukiacha kumgharimu. Mvua haiwezi "give up", mvua "stops". Mtu aliyefunga kitabu saa nne usiku akalala "stopped reading", maana yake alikomea pale kwa usiku ule. Lakini tukisema "he gave up reading", tumesema jambo la kusikitisha, kwamba kusoma kumemtoka katika maisha yake. Wakristo wanaozungumza Kiingereza huulizana inapokaribia Kwaresima, "What are you giving up?", na swali hilo lingekosa maana kabisa kama mtu angejibu kwa kutaja kitu asichokipenda.

Hapa ndipo wanafunzi wetu wanapoanguka kwa kosa moja ambalo kila mwalimu aliyeko humu amelisahihisha kwa kalamu nyekundu: "He gave up to smoke." Nadhani tunalisahihisha bila kueleza linatoka wapi. Katika Kiswahili "kuvuta" ni umbo moja lenye kazi mbili: ni kitenzi, na ni nomino pia. Tunasema "anataka kuvuta" na tunasema "kuvuta kumemdhuru", na "ku-" ni ile ile. Kiingereza kimegawa kazi hizo katika maumbo mawili, "to smoke" na "smoking", kisha kikaamua kwamba "give up" itafuatwa na lile la pili, kwa sababu kinachoachwa ni jambo, na jambo huwa ni nomino. Mwanafunzi wetu hana uzembe wowote. Ameichukua "ku-" yake na kuibadilisha kwa "to", kama alivyofundishwa siku ya kwanza, na siku ya kwanza hakuambiwa kwamba "ku-" ina sura mbili ng'ambo ya pili. Akielezwa hivyo mara moja, ataelewa pia kwa nini tunasema "give up trying", "give up hoping" na "give up waiting".

Sasa tutoke kwenye tabia twende kwenye mali, cheo na wakati, kwani hapo ndipo sauti ya kitenzi inapobadilika kabisa. "She gave up her job to look after her father." Tafsiri ya haraka ni "aliacha kazi ili amtunze baba yake", na ni sahihi, ila tukumbuke kwamba "give up" inatuhakikishia kwamba aliacha kwa hiari yake, aliyefukuzwa hawezi kusemwa hivyo. "She gave up everything for her children": hapa "aliacha" haitoshi, na Kiswahili kinatupa "alijinyima" au "alijitolea", maneno yenye sifa ndani yake. "They gave up their weekends to teach" ni "walijitolea siku zao za mapumziko wakafundisha". Zingatieni kwamba kitenzi kile kile ambacho wanafunzi wetu hukihesabu kuwa cha udhaifu, hapa ni cha ushujaa. Mtafsiri anayebeba "kukata tamaa" mfukoni kama jibu la tayari atamgeuza mama aliyejinyima kila kitu kuwa mama aliyevunjika moyo, na hakuna msomaji atakayejua kosa limetokea wapi.

Kuhusu cheo, mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza, ambaye kwa maneno ya watu wa kawaida "gave up the throne" mwaka 1936 ili aweze kumwoa Wallis Simpson. Mfano huu unatufundisha jambo jingine, nalo ni daraja la lugha. Katika hati aliyotia saini tarehe 10 Desemba mwaka ule, neno lililotumika ni "renounce". Alipozungumza redioni jioni ya siku iliyofuata alisema anaziacha kabisa shughuli za umma, akatumia "quit". Wanaosimulia kisa chake mezani ndio husema "gave up". Kiingereza kina tabia hii kwa sababu ya historia ile ile ya mwaka 1066: baada ya Wanormandi kuitawala nchi, maneno mengi ya sheria, dola na dini yaliingia kutoka Kifaransa na Kilatini, na maneno ya asili yakabaki nyumbani na sokoni. Hivyo pembeni ya "give up" wapo ndugu zake waliovaa rasmi: "surrender", "renounce", "relinquish", "abandon". Anayeandika hati ya kisheria au barua kwa ofisi atafute mmoja wao. Anayezungumza na rafiki akisema "I have relinquished smoking" atachekwa, na itakuwa halali yake. Kiswahili nacho hakikosi neno la heshima kwa jambo hili. Kuhusu mfalme huyo ningeandika "aling'atuka", na "aliacha ufalme" ningeibakiza kwa mazungumzo.

Nipite haraka kwenye matumizi machache ambayo hayana utata mwingi. Mshukiwa anayekwenda mwenyewe kituo cha polisi "gives himself up", yaani anajisalimisha. Anayetegewa fumbo akashindwa husema "I give up", na kwa Kiswahili ndipo angekubali kutoa mji ili aambiwe jibu. Mchana mzima ukitengwa kwa shughuli moja husemwa "the afternoon was given up to speeches", na nina hakika wapo humu ndani wanaouona mfano huo kuwa wa kweli mno. Na kuna "give up the ghost", ambayo kwa maana yake ya asili ni kufa. Tafsiri ya Kiingereza ya Biblia ya mwaka 1611 inaitumia katika Marko 15:37, mahali ambapo Biblia ya Kiswahili inasema "akakata roho". Siku hizi Waingereza huitumia zaidi kwa utani, juu ya mashine kuukuu iliyogoma kuwaka. Sisi tungesema tu kwamba gari limekufa.

Turudi kwenye kukata tamaa, kwa kuwa nisingependa mwondoke mkidhani nimeikataza. Pale kinachoachwa ni juhudi yenyewe, nayo haitajwi, "give up" husimama peke yake bila yambwa, yaani bila nomino ya kutaja kinachoachwa: "Don't give up." Hapo ndipo "usikate tamaa" inapofaa. Hata hivyo msikilizeni anayesema. Ukimwambia hivyo mgonjwa aliyelazwa muda mrefu, ni "usikate tamaa". Ukimwambia mkimbiaji aliyebakisha mzunguko mmoja, "kaza, usilegee" inamfikia upesi zaidi, kwa maana huyo tamaa anayo, miguu ndiyo inayomsaliti.

Na sasa nifike mahali ambapo napaona patamu kuliko pote. Chukueni sentensi hizi mbili: "His mother gave him up" na "His mother gave up on him". Katika ya kwanza, kinachoachwa ni mtoto mwenyewe, na kwa kawaida yupo anayempokea. Pengine mama alimtoa akalelewe na watu wengine, pengine alimkabidhi polisi. Sentensi zinazoizunguka ndizo zitakazotuambia. Katika ya pili, mtoto hakwenda popote. Anaweza kuwa bado analala chumba cha pili na kuingia kwa mlango ule ule. Kilichoondoka ni matumaini ya mama juu yake. Kijineno "on" cha herufi mbili kimeingia, na pale tulipokuwa na mtoto anayetolewa nyumbani, sasa tuna mtoto anayeishi nyumbani bila mtu wa kumtarajia. Mfasiri wa habari za mahakamani akichanganya hizo mbili, amemwongezea au amempunguzia mama huyo lawama ambayo si haki yake.

Kiswahili kinafanya jambo hilo hilo, ila kinalifanya ndani ya kitenzi. "Mama amekata tamaa": hatujui kuhusu nani. "Mama amemkatia tamaa": sasa tunajua. Ile "-ia" ya kauli ya kutendea, ikisaidiwa na "-m-" inayomwelekeza kwa mtu, ndiyo inayobeba mzigo ambao Mwingereza ameuweka kwenye "on". Walimu wenzangu, sisi tunao katika lugha yetu mfumo wa minyambuliko ambao mgeni huuogopa kama tunavyoogopa hivi vijineno: "kata", "katia", "katika", "katisha", "katiza", kila kimoja na njia yake. Nashauri tuutumie darasani. Mwanafunzi anayejua tangu utotoni kwamba "funga" na "fungua" ni mambo mawili yanayopingana kwa sababu ya silabi moja ya mwishoni hatashangaa tena kwamba "give" na "give up" na "give up on" ni vitenzi vitatu.

Mpangilio wa maneno nao una kanuni zake, na zinategemea tofauti hiyo hiyo. Nomino inaweza kukaa baada ya "up" au katikati: "give up the fight" au "give the fight up", zote sawa. Ikiwa nomino ni ndefu, yenye maelezo mengi nyuma yake, iweke mwishoni, maana msikilizaji atachoka kuisubiri "up". Lakini kiwakilishi lazima kikae katikati: "give it up", "give them up". "Give up it" haisemwi na mzawa yeyote. Na "give up on" haikubali kupasuliwa: ni "give up on it" siku zote. Sina sababu nzuri ya kuwapa kwa nini kiwakilishi kinapewa katikati, isipokuwa kwamba "it" ni neno lisilo na mkazo na Kiingereza hupenda kumaliza kwa neno lenye mkazo, nayo "up" inao.

Hilo linatuleta kwenye matamshi, ambayo vitabu vyetu huyaruka. Mzawa hasemi "giv", akatulia, kisha akasema "ap". Anasema "givap", neno moja, mkazo ukiwa kwenye silabi ya mwisho. Wakati uliopita ni "geivap", na "given up" husikika karibu na "givnap". Kuna wanafunzi wanaosoma kitenzi hiki vizuri kabisa kwenye karatasi, na wakisikilizishwa taarifa ya habari hawakisikii hata mara moja, kwa kuwa masikio yao yanasubiri maneno mawili ambayo hayatakuja. Niongeze kwamba sisi hupenda kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama lugha yetu inavyotaka, na hivyo tunaipa "give" nguvu na kuifanya "up" ififie. Anayetusikiliza hulazimika kukisia.

Sijaigusa bado "give in", na nisingeweza kushuka jukwaani bila kuigusa, maana ndiyo inayochanganywa sana na mada yetu. Tarehe 29 Oktoba 1941, Winston Churchill, akiwa Waziri Mkuu wakati wa vita, aliwahutubia wanafunzi wa Harrow, shule aliyosoma yeye mwenyewe, akawaambia "never give in", akirudia "never" tena na tena, na akatoa ruhusa moja tu, ya kukubali mbele ya heshima na busara. Watu wengi huyanukuu maneno hayo kuwa "never give up", hata kwenye mabango. Tofauti ipo. Mwenye "give up" anaweza kuwa peke yake kabisa na hesabu yake ngumu, akaweka kalamu chini. Mwenye "give in" lazima awe na mtu au kitu upande wa pili kinachomsukuma, naye anakubali kushindwa nacho: anasalimu amri, anakubali shinikizo, analegeza msimamo. Mtoto akimlilia mzazi amnunulie kitu mpaka mzazi akakinunua, mzazi "gave in". Mzazi akiacha kabisa kumkanya mtoto huyo, "gave up". Churchill alikuwa akizungumzia adui, na alichagua neno lenye adui ndani yake. Bi. Rosa Parks naye, alipoandika kumbukumbu za maisha yake, alikanusha dhana kwamba siku ile ya basi alikuwa amechoka mwili. Alisema uchovu wake ulikuwa wa "giving in". Mwanamke huyo huyo, katika kisa hicho hicho, anakataa "give up" kiti na amechoka "give in" kwa watu, na vitenzi hivyo viwili haviwezi kubadilishana nafasi. Cha kwanza kwa Kiswahili ni kupisha, cha pili ni kunyenyekea. Mfasiri akitumia neno moja kwa vyote viwili atakuwa ameifuta nusu ya maana yake.

Limebaki tumizi moja, nalo ni la Marekani zaidi, la majukwaani. Msimamizi wa sherehe akisema "Give it up for our next speaker!", hakuna anayetakiwa kuacha chochote wala kukata tamaa, watu wanaombwa wapige makofi kwa nguvu. Njia yangu ya kuuliza kinachoachwa inayumba kidogo hapo, na sitailazimisha. Mtu anaweza kusema kwamba wasikilizaji wanaombwa kuziachia sifa zao, lakini "it" hiyo haina kitu inachokitaja, na ni bora msemo mzima ushikwe kama ulivyo, pamoja na onyo kwamba haufai katika barua wala katika hafla ya heshima kubwa. Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, utakapomkaribisha msemaji anayefuata, ambaye atazungumzia "put off" na wenzake, naomba utumie Kiswahili. Nami niko tayari kwa maswali, kwa kadiri ya muda utakaoniruhusu.